Mtoto Hakohoi, Lakini Ni TB: Niliyojifunza Wodini

Alikuwa na miaka 7 na kilo 15, na sehemu kubwa ya kilo hizo ilikuwa maji. Mama yake alimlaza kitandani, akamfunua gauni, nikaona tumbo limevutika mpaka kitovu kimejitokeza nje, na ubavuni chale mpya ambazo hazijakauka. "Walisema ni bandama, dokta," mama akaniambia kabla sijauliza. Nilikuwa na mwaka wa nne kazini, tabibu katika hospitali ya wilaya Kanda ya Ziwa, na nilidhani matumbo ya watoto nimeshayazoea. Kule kwetu tumbo kubwa la mtoto ni jambo la kila siku. Kuna minyoo, kuna kichocho cha utumbo kinachovimbisha ini na bandama, kuna kwashiakoo, kuna malaria za kujirudia. Ukitaja mojawapo mara nyingi unapatia, na kule kupatia mara nyingi ndiko kulikonipoteza.

Kabla ya kufika kwetu alikuwa amemeza dawa ya minyoo mara mbili, dawa ya kichocho mara moja, flajili nisizoweza kuzihesabu, na siprofloksasini ya siku kumi kwa sababu kipimo cha Widal kilisoma taifodi. Hiyo ya mwisho nimekuja kuiogopa. Dawa za jamii ile huvidhoofisha kidogo vimelea vya TB, homa inashuka siku kadhaa, kila mtu anaridhika kwamba ilikuwa taifodi, kisha homa inarudi na mwezi mzima umeshapotea. Ndivyo mama alivyosimulia: ilishuka karibu wiki moja, ikarejea palepale. Ilikuwa inapanda jioni, mbuzi wanaporudi zizini, asubuhi mtoto anaamka amelowa jasho. Miezi miwili hivyo.

Nikamuuliza kama mtoto anakohoa. Hakohoi. Nikamuuliza kama kwao kuna mtu anayekohoa. Hakuna. Nikaandika, nikaendelea.

Kipimo cha malaria kilikuwa hasi, VVU hasi, damu gramu 8. Eksirei ya kifua ilikuwa safi kabisa, na nakumbuka jinsi ile picha safi ilivyonituliza. Nikamchoma sindano tumboni, nikatoa maji ya rangi ya majani makavu, yenye ukungu kidogo, nikapeleka maabara. Majibu yalirudi baada ya siku mbili. Darubini haikuona kitu. GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya vimelea vya TB, haikuona kitu. Nikaandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu kwamba TB haipo, nikamwandikia dawa ya kupunguza maji na chakula dawa, nikampa tarehe ya kurudi.

Karatasi ile ninayo bado. Nilirudi kuisoma baadaye, nikakuta mistari mitatu ambayo macho yangu yaliruka siku ile. Protini ya maji ya tumbo ilikuwa gramu 4.6 kwa desilita. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi, na katika kila mia moja, zaidi ya 80 zilikuwa limfosaiti. Albumini, aina moja ya protini, ilikuwa 2.6 kwenye damu na 2.1 kwenye maji. Kwa asiyezoea hesabu hizi: ukitoa albumini ya maji kutoka ile ya damu ukabaki na chini ya 1.1, basi maji hayo hayasukumwi na shinikizo la ini lililokakamaa wala moyo uliochoka. Huwa yanatoka kwenye utando wa tumbo wenyewe, umewashwa na kitu. Na kwa mtoto wa kwetu mwenye protini nyingi na limfosaiti nyingi kwenye maji hayo, mwenye homa ya jioni na kukonda, kitu cha kwanza kukifikiria ni kifua kikuu. Maabara ilikuwa imeshanijibu. Mimi nilikuwa natafuta neno moja tu.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu naona wenzangu wengi wanaanguka shimo lilelile. Maji ya tumbo la TB yana vimelea vichache sana. Yale maji ni mwili unalalamika. Vimelea vyenyewe vimejificha kwenye utando na kwenye matezi. Darubini huviona kwa nadra mno kwenye sampuli hiyo. GeneXpert ni mashine nzuri kupita kiasi, inapovikuta unaweza kuanza dawa siku hiyohiyo na ukajua kama rifampisini, dawa kuu ya TB, itafanya kazi. Ila isipovikuta kwenye maji ya tumbo, hujaambiwa kwamba havipo. Ni sawa na kutupa wavu mara moja ufukweni ukatoka mtupu, halafu ukatangaza kwamba ziwa halina sangara.

Alirudi baada ya wiki tano. Alikuwa na kilo 13 na nusu, tumbo likiwa kubwa vilevile, maana yake nyama ndiyo iliyokwisha. Mzingo wa mkono ulikuwa sentimeta 12.1. Alikuwa ameacha kucheza, ameacha hata kulia. Nilipomgusa tumbo safari hii nilitulia, nikaweka kiganja kizima badala ya ncha za vidole, nikasikia kile ambacho vitabu huandika na mimi nilikuwa sijawahi kukisikia kwa mkono wangu: tumbo la namna ya unga uliokandwa, linabonyea kwa uzito, na ndani yake mabonge yasiyo na mpaka. Tumbo la maji matupu halishikiki hivyo.

Aliyelifungua jambo alikuwa sista wa zamu, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaanza mazungumzo ya kawaida, kama jirani.

"Mama, huyu bibi mdogo jioni anakaa na nani?"

"Na babu yake. Huyu ndiye mke wake, hampi mtu."

"Babu mnakaa naye nyumba moja?"

"Hapana, ana nyumba yake palepale uani. Chakula tunampelekea."

"Na kifua chake anaendeleaje?"

"Ah, kile kifua ni cha machimboni. Alichimba dhahabu miaka mingi, kikohozi chake cha zamani, tumeshakizoea."

Mimi nilikuwa nimeuliza "kwenu kuna anayekohoa?" na mama alinijibu kweli tupu. Kwake, "kwetu" ni nyumba yake na mumewe na wanawe. Babu ana mlango wake. Na kikohozi cha zamani hakihesabiwi kuwa ugonjwa, kinahesabiwa kuwa ni babu mwenyewe. Tangu siku ile sijauliza tena swali lile kwa mkato. Nauliza mtoto anakula na nani, analala na nani, anabebwa na nani, anashinda kwa nani mama akienda shamba au mnadani. Nauliza nani amefariki ukoo huo ndani ya miaka miwili na alikuwa akiumwa nini. Nauliza kuhusu aliyeondoka: dada wa kazi aliyerudishwa kwao, mjomba aliyekuja kutoka mgodini akakaa mwezi. Mtoto mdogo kwa kawaida hapati TB njiani. Anaipata kifuani kwa mtu anayempenda.

Babu aliletwa siku iliyofuata. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajamaliza kuitikia akakohoa mara tatu. Makohozi yake yalitoa majibu ya wazi jioni ileile, vimelea vingi, na rifampisini bado inafanya kazi. Kwa hiyo nikawa na kitu cha kushika: mtoto anayekonda, homa ya miezi mitatu sasa, maji ya tumbo yenye limfosaiti, na mtu mwenye TB anayempakata kila jioni.

Tukaomba ultrasaundi nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa mstari mmoja, kwamba maji yapo, ini na bandama ni za kawaida. Safari hii nilikwenda mwenyewe na mtoto, nikamweleza mtaalamu ninachokitafuta, na hilo nalo ni somo: ukiandika "ultrasaundi ya tumbo" bila swali, utapewa ini, bandama na figo. Tulitafuta matezi kando ya mishipa mikubwa na kwenye utando unaoshikilia utumbo. Yalikuwepo, yameshikana kama kichala, kubwa lao sentimeta mbili na nusu, mengine yakiwa meusi katikati, dalili kwamba ndani yameoza. Ndani ya maji kulikuwa na nyuzi nyembamba zinazoelea kama utando wa buibui. Ile shuka ya mafuta inayofunika utumbo ilikuwa nene. Na kule chini kulia, utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, ukuta ulikuwa umevimba. Kona ile TB huipenda. Sehemu ile ina tishu nyingi za kinga na chakula hukaa hapo muda mrefu.

Tulijadiliana na daktari wetu kiongozi kama tumpeleke rufaa akachunguliwe tumbo kwa kamera na kukatwa kinyama cha kupima. Mahali penye uwezo huo, hilo ndilo jambo zuri, hasa pale dalili zinapogongana. Kwetu ingekuwa safari ya siku nzima, foleni, na usingizi wa dawa kwa mtoto wa kilo 13 mwenye utapiamlo mkali. Tukaamua kuanza dawa kwa ushahidi tuliokuwa nao, tukaandika kwenye faili sababu zote na tarehe ya kujihoji upya. Hiyo tarehe ya kujihoji nitairudia, kwa sababu kuna mtoto aliyenifundisha uzito wake.

Mama aliuliza swali ambalo kila mzazi huuliza: TB ya mapafu inafikaje tumboni? Nilimweleza kwamba mtoto hajui kutema. Anachokohoa anakimeza, na vimelea vinashuka navyo. Vingine husafiri kwa damu kutoka mapafuni, hata kama mapafu yenyewe yameshapona na picha yake ni safi. Na kuna njia ya maziwa. Ng'ombe ana kifua kikuu chake, Mycobacterium bovis, na mtoto akinywa maziwa mabichi anaweza kukipata moja kwa moja tumboni. Hiki kina tatizo la ziada, kwamba pirazinamidi haikigusi. Ndiyo maana mahali ambapo maziwa hunywewa yakiwa bado na joto la kiwele siachi kuuliza, na kumwambia mama achemshe mpaka yafoke. Wengine hunijibu kwamba maziwa ya kuchemsha hayana nguvu. Sibishani sana, naomba tu ayachemshe ya watoto.

Matibabu yenyewe hayana siri. Miezi miwili ya dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, halafu miezi minne ya mbili za kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu watoto wenye TB isiyo kali watibiwe miezi minne tu, na nimeona mahali mtoto wa TB ya tumbo akisimamishiwa dawa mwezi wa nne kwa kufuata habari hiyo nusunusu. Ruhusa ile ni kwa TB nyepesi ya mapafu na ya matezi ya shingoni na mfano wa hizo. Tumbo bado ni miezi sita. Ya ubongo na ya mifupa kwa kawaida ni 12.

Vidonge vya watoto siku hizi ni baraka. Wakati nasoma tulikuwa tunavunja vidonge vya wakubwa kwa wembe tukikadiria. Sasa kuna vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, vina ladha ya matunda, vimeshachanganywa kwa kipimo cha mtoto. Kenya ndiyo ilitangulia kuvisambaza nchi nzima, mwaka 2016. Mtoto wa kilo 12 hadi 15 anapewa vidonge vitatu vya mchanganyiko kwa siku na vya ethambutoli vitatu, akifika kilo 16 vinakuwa vinne. Na hapo penye kilo 16 ndipo tunapokosea. Mtoto anaongezeka uzito, sisi tunafurahi, na dozi inabaki ya mtoto aliyekuwa mifupa. Mpime kila anapokuja kuchukua dawa, angalia upya mstari wake.

Wiki mbili za kwanza homa ilikatika. Wiki ya tatu mama akaja ofisini kwangu na uso uliokunjamana. "Dokta, mtoto anapungua." Kadi ilionyesha kilo 13.5, kisha 13.1, kisha 12.6. Muuguzi mwanafunzi aliyekuwa akimpima alikuwa ameshamwambia kwamba dawa hazifanyi kazi. Nikachukua utepe. Mzingo wa tumbo ulikuwa umeshuka kutoka sentimeta 64 hadi 57. Mzingo wa mkono ulikuwa umepanda hadi 12.8. Alichopoteza kilikuwa maji, na nyama ilikuwa inarudi polepole chini yake. Ningekuwa natazama mzani peke yake ningebadilisha dawa zinazomponya. Toka hapo mtoto mwenye maji tumboni nampima vitu vitatu siku moja, saa moja, na utepe uleule: uzito, tumbo kwenye usawa wa kitovu, na mkono.

Kosa jingine lilikuwa la kutosema mapema. Mwezi wa pili, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyekuwa anawatembelea alikuta vidonge vya siku nne havijaliwa. Mama alikuwa ameona mkojo wa mtoto umekuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea, karibu na nyekundu. Watu wa kule wanajua mkojo mwekundu ni kichocho au ni damu, hakuna tafsiri ya tatu. Akaogopa kwamba dawa zinamchana mtoto ndani, na akaogopa zaidi kunieleza. Ni rifampisini tu, rangi yake hutoka kwenye mkojo, machozi na jasho, na haina madhara. Sentensi moja siku ya kwanza ingetosha. Sasa naisema kabla sijataja jina la dawa yoyote, na papo hapo namwambia mambo ya kumkimbiza hospitali: macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, tumbo kuuma na kujaa huku choo na hewa havitoki, mtoto kusema haoni vizuri.

Mdogo wake wa miaka miwili, aliyekuwa naye akibebwa na babu yuleyule, tulimpima hatukuona ugonjwa, tukampa dawa za kinga za miezi mitatu. Kaka zake wawili nao walichunguzwa. Kazi hii ya kuwafuata wa nyumbani inachosha na haina mtu wa kukupigia makofi, na mara nyingi huachwa kwa mratibu wa TB na Ukoma wa wilaya ambaye ana pikipiki moja na kata zote. Sisi wa wodini tunaweza kuianza kwa kumwambia tu mama: kesho kutwa njoo nao wote.

Sasa yule mtoto wa tarehe ya kujihoji. Baada ya binti huyu nilianza kuiona TB kila tumbo. Alikuja mvulana wa miaka 5, tumbo limejaa, amekonda, homa. Ultrasaundi ikasema matezi na maji. Nyumbani kulikuwa na shangazi aliyewahi kutibiwa TB miaka iliyopita. Nikaanza dawa siku hiyohiyo, nikijivuna moyoni kwamba safari hii sijachelewa. Siku ya tisa sista yuleyule akaniita. "Umemtazama mdomo?" Jino la nyuma lilikuwa linacheza, ufizi umevimba. Tumbo, nililipima, lilikuwa limeongezeka sentimeta nne. Ilikuwa saratani ya Burkitt, ile aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958 baada ya kuona mataya ya watoto yaliyovimba. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Siku tisa kwa TB ni kitu kidogo. Kwa Burkitt ni nyingi mno.

Tulimpeleka rufaa usiku ule. Alianza dawa za saratani, lakini figo hazikustahimili. Hakurudi kijijini kwao akiwa hai. Baba yake alinipigia simu kunishukuru kwa kumpa lifti ya gari la wagonjwa, nami sikuweza kumjibu chochote cha maana.

Nilichokuwa nimekipuuza kilikuwa kwenye mazungumzo ya kwanza: baba alisema tumbo lilianza wiki tatu nyuma. TB ya tumbo hujenga kwa miezi. Historia fupi, bonge linalokua unalitazama, taya, jicho linalosukumwa nje, miguu kuishiwa nguvu, hayo yanataka sindano ya kuchukua chembe haraka kuliko yanavyotaka vidonge vya TB. Ndiyo sababu siku hizi ninapoanza dawa bila uthibitisho naandika tarehe ya kujihoji, na si mbali: ndani ya wiki mbili homa iwe inashuka na tumbo lisiwe linaongezeka. Kama linaongezeka, nimekosea, au dawa hazimezwi, au vimelea ni sugu, au kuna jambo la tatu. Natafuta lipi, simwongezei siku.

Upasuaji nao una habari yake. Mvulana wa miaka 11 alifikishwa usiku kwa kinachofanana na kidole tumbo, maumivu upande wa kulia chini, anatapika. Daktari wa upasuaji alipofungua alikuta punje nyeupe kama mtama zimetapakaa kwenye utando wote na kwenye utumbo. Alikuwa na busara ya kukata kinyama. Lakini kinyama chote kiliingizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kikasafirishwa, na majibu ya patholojia yalichukua wiki tatu kusema kile ambacho macho yake yaliona usiku ule. Formalini inaua vimelea, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kuotesha ili kujua kama ni sugu. Sasa kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali yetu kuna karatasi iliyobandikwa ukutani kwa plasta, mwandiko wangu: vikopo viwili, kimoja cha formalini kwa patholojia, kingine cha maji ya chumvi kwa GeneXpert na kuotesha, na viondoke usiku huohuo. Imeshachakaa, lakini kila mtu mpya huisoma akiwa ananawa mikono.

Jambo jipya lililonisaidia zaidi ni kinyesi. Zamani tulimwekea mtoto mpira wa puani alfajiri kabla hajala, tuchote makohozi aliyomeza usiku. Mtoto analia, mama analia. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinyesi cha mtoto kipimwe kwa GeneXpert. Mama yeyote anaweza kukileta. Nimepata majibu chanya kwa watoto ambao nisingethubutu kuwachoma sindano ya tumbo. Angalizo ni lilelile: hasi haikuondolei mashaka. Na chanya haikwambii moja kwa moja kwamba ugonjwa uko utumboni, maana vimelea vyaweza kuwa vimetoka mapafuni vikamezwa. Kwa matibabu ya siku ya kwanza tofauti hiyo si kubwa. Kwa urefu wa matibabu ni kubwa, kwa hiyo tumbo bado linahitaji kiganja na ultrasaundi.

Chanjo ya BCG alikuwa nayo yule binti, kovu lilikuwa begani kama kawaida, na liliwahi kumfanya mwenzangu aseme haiwezekani iwe TB. BCG humkinga mtoto mdogo hasa dhidi ya TB ya ubongo na ile inayotapakaa mwili mzima. Kovu halifungi milango mingine. Vivyo hivyo kile kipimo cha TB cha ngozi, cha kuchoma sindano mkononi na kungoja uvimbe: mtoto aliyekonda sana mwili wake hauna nguvu ya kuvimba hata akiwa na ugonjwa, kwa hiyo ngozi iliyonyamaza nimeacha kuihesabu.

Binti alimaliza miezi sita akiwa na kilo 19, kwa vidonge vinne. Babu alimaliza mwezi huohuo. Alitembea mwenyewe kuja kuchukua dozi ya mwisho.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye binti alirudi usiku, anatapika kijani, tumbo limejaa. Kijijini walikuwa wameshasema TB imerudi, na duka moja la dawa lilikuwa limempa dawa ya minyoo. Mama alinishika mkono: "Dokta, tuanze tena vidonge." Hakuwa na homa, alikuwa amenenepa, ultrasaundi haikuonyesha matezi wala maji. Eksirei ya tumbo ilionyesha utumbo umejaa hewa na maji yaliyojipanga kama ngazi, dalili kwamba umeziba. Yalikuwa makovu. TB inapopona tumboni huacha nyuzi zinazounganisha utumbo na utumbo, na siku moja zinaukunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Tulimweka mpira wa puani, dripu, tukaacha chakula, na daktari wa upasuaji akawa tayari. Siku ya pili jioni alitoa hewa. Sista alicheka kwa sauti wodi nzima ikasikia.

Asubuhi ya kuondoka nilichukua kadi yake nikaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili ili asomaye yeyote aelewe: ALITIBIWA TB YA TUMBO AKAMALIZA. AKITAPIKA NA TUMBO LIKIJAA ASIPEWE DAWA YA MINYOO WALA DAWA YA TB. APELEKWE HOSPITALI SIKU HIYOHIYO. Nikamsomea mama mara mbili. Akaniomba niandike nyingine kama hiyo ya kukaa kwa babu, maana mchana ndiko anakoshinda.